Heko kwa Hosteli za Vijana

Mwanafunzi aliyekwenda Ulaya kwa mpango wa Erasmus, ulioanza 1987, husoma darasani siku za kazi. Wikendi ndiyo humfundisha bara lenyewe. Treni itamfikisha mjini, lakini alale wapi na posho yake ndogo? Hapo ndipo ninapozivulia kofia hosteli za vijana.

Wazo lilimjia mwalimu Mjerumani, Richard Schirrmann, mwaka 1909, alipokuwa safarini kwa miguu na wanafunzi wake na mvua ya radi ikawalazimu kulala katika shule ya kijiji. Mbona shule zikae tupu likizo nzima ilhali vijana hawana pa kulala? Mwaka 1912 akafungua hosteli ya kudumu ndani ya ngome ya Altena, na hadi leo inapokea wageni.

Ninachokipenda zaidi ni jiko la pamoja. Mmoja anapika tambi, Mreno anamwazima chumvi, Mpolandi anamtandazia ramani, na kabla maji hayajachemka wamekubaliana kupanda treni moja kesho. Hoteli ya nyota tano haiwezi hilo. Nawashukuru pia wahudumu wa zamu ya usiku, wanaomfungulia kijana aliyeshuka basi saa nane, wakampa shuka safi na kumwelekeza kitandani bila kununa.