Kichwa cha Ubao

Mti ukiwa na majani, kila mpita njia ni mjuzi. Mkongo utaujua kwa mbegu zake nyeusi zenye kofia nyekundu, mninga kwa tunda lake la duara, lenye bawa pembeni na miiba katikati. Kazi huanza pale magome yanapobaki porini, na kilichofika karakana ya Kibiti ni ubao mkavu wa hudhurungi kama wenzake wote.

Nilikaa na fundi seremala mmoja pale, mtu mzima, akipewa ubao wa namna hiyo. Ubavu hakuutazama. Aliusimamisha, akatwaa kisu alichokinoa tangu asubuhi, akaanza kulainisha kichwa chake pale msumeno ulipoacha manyoya. Alikata taratibu, maranda membamba kama ganda la kitunguu.

"Kisu butu kinaziba vitundu, mwanangu. Hapo huoni kitu."

"Na rangi yake, mzee?"

"Rangi iache juani wiki moja, uje uniulize tena."

Akalowesha kwa mate, akanigeuzia kwenye mwanga. Vitundu vilikuwa vikubwa, vimetawanyika, kila kimoja kimezungukwa na weupe uliochongoka pande mbili, kama jicho na kope zake. Ndani ya baadhi mlikuwa na chembe za manjano. Mkongo huo, ukilowana hutia kitambaa rangi ya manjano. Mninga ungekuwa mwepesi zaidi mkononi. Mpangapanga una mistari myeupe na myeusi inayopishana kama ukili. Mpingo? Tia kipande ndooni, kitazama.

Huko delta ya Rufiji, penye zaidi ya hekta 50,000 za mikoko, wakata boriti nao wana macho yao. Boriti zao zilivuka hadi Unguja na Arabuni, na upana wa vyumba vya nyumba za mawe ulifuata urefu wake.

Tangu Daraja la Mkapa lifunguliwe mwaka 2003, mbao za kusini zinafika Dar es Salaam kwa wepesi. Anayelipia mninga anaweza kuuziwa mti mwingine uliopakwa rangi, na mimi sioni cha kumwokoa zaidi ya jicho kama la mzee huyu.

Alinipa ubao wa pili. Nikaupima mkononi, nikasema mninga. Hakujibu. Alinipa kisu.