Jani halitengenezi nuru: kasoro ya neno 'usanisinuru'

Kwa miaka mingi nimekuwa nikilisifu neno usanisinuru. Nimelisifu darasani, nimelisifu kwenye makongamano, na kila nilipokabiliwa na wale wanaodai kwamba Kiswahili hakiwezi kubeba sayansi, hilo ndilo lililokuwa jiwe langu la kwanza kurusha. "Mwingereza amekopa kwa Mgiriki," nilikuwa nikisema, "sisi tumejiundia letu." Watu walipiga makofi. Leo nataka kuyarudisha makofi hayo, angalau nusu yake.

Aliyenifanya nitubu ni mpwa wangu. Ni mtoto wa Karagita, hapa Naivasha, na mama yake hufanya kazi katika pakihausi ya shamba moja la waridi kando ya ziwa. Mwaka jana aliingia chuo kikuu kusomea shahada ya sayansi. Muhula wa kwanza aliangukia somo moja tu, lakini ndilo lile la utangulizi wa biolojia, mlango wa masomo mengine yote. Asipolipita mtihani wa marudio, ambao wenyewe huuita 'sapu', hana njia ya kuingia mwaka wa pili. Dada yangu alinipigia simu. Hakuniomba, aliniambia: "Wewe ni mwalimu, kaa na mtoto." Nikamkumbusha kwamba mimi ni mwalimu wa Kiswahili. "Si ni ualimu tu?" akasema, na simu ikakatwa.

Basi tukakaa. Jioni ya kwanza nilimwuliza osmosisi ni nini, akanitiririshia fasili kwa Kiingereza bila kumeza mate, neno kwa neno kama ilivyo katika noti zake. Nikamwuliza tena: "Sasa mbona ukitia chumvi kwenye vitunguu vya kachumbari, baada ya muda bakuli linajaa maji?" Kimya. Akanitazama kama niliyebadilisha mada. Hapo nikaelewa kilichomwangusha. Alikuwa ameyakariri maneno jinsi mtu anavyokariri nambari za simu za watu asiowajua.

Nikaamua kwamba tutapitia kila sura kwa Kiswahili kwanza, kisha turudi kwenye Kiingereza cha mtihani. Nilishusha rafuni Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, iliyotolewa na TUKI mwaka wa 1990, nikaweka kando yake daftari langu la istilahi nilizookota huku na kule. Nilikuwa na hakika ya ushindi. Kwa kweli nilikwenda pale kuthibitisha jambo nililokuwa nikilihubiri maisha yangu yote, na mtu wa namna hiyo si mtahini mzuri.

Mwanzo ulikuwa mtamu. Sehemu za mwili hazikutuchukua hata nusu saa. Ini, figo, kongosho, nyongo, kibofu: Kiswahili kilikuwa na majina haya kabla ya vyuo vikuu vyetu, na msichana aliyetumwa buchani tangu utotoni anajua bandama ni ipi na inakaa wapi. Kiluwiluwi na buu vilimpa mabadiliko ya chura na nzi bila jasho. Neno seli nalo lilinishangaza. Niliposema seli, akacheka: "Kama ya polisi, Mjomba?" Nikataka kumkemea, kisha nikakumbuka kwamba Robert Hooke, alipotazama kipande cha gome kwa hadubini na kuandika habari zake mwaka wa 1665, aliviita vile vijumba alivyoviona kwa neno lenye asili ya Kilatini linalomaanisha chumba kidogo. Mkopo wetu umebeba sitiari ileile kwa bahati tu. Nikamwambia: "Hasa. Ina kuta, ina mlango, na si kila mtu anaruhusiwa kuingia au kutoka." Utando wa seli haukumsumbua tena.

Osmosisi ni neno lisilosema chochote, lakini halidanganyi. Tulikata kiazi cha Kinangop vipande viwili, kimoja tukakitia katika maji matupu, cha pili katika maji ya chumvi kali. Baada ya saa moja cha kwanza kilikuwa kigumu, cha pili kimelegea kama kidole kilichokaa majini. Maji yalikuwa yametoka ndani ya kiazi kuelekea kwenye chumvi. Akaviminyaminya vile vipande, akasema, "Kumbe ni kachumbari," na jina osmosisi likapata mahali pa kukaa. Mkopo mtupu ni kama ndoo mpya: haina kitu ndani, lakini pia haina uchafu wa mtu.

Ndipo tukafika kwenye neno langu.

Nilijiweka sawa kitini. Nikamwambia: usanisi ni kuunda kitu kimoja kutokana na vingine, nuru unaijua. Unganisha. Akaunganisha. Akaniuliza: "Kwa hivyo jani linatengeneza mwanga?"

Nikadhani anatania. Hakuwa akitania. Nikaeleza: jani huchukua maji kutoka ardhini na kabonidayoksaidi kutoka hewani, huyaunganisha kuwa sukari, na oksijeni hubaki ikatoka nje. Nuru ya jua ndiyo inayotoa nishati ya kazi hiyo. "Sawa," akasema, "lakini neno halijasema hivyo. Neno limesema usanisi wa nuru."

Msomaji, nimefundisha sarufi kwa muda mrefu, na sikuwa na jibu. Tazama Kiswahili kinavyofanya. Ufugaji nyuki: wanaofugwa ni nyuki. Upimaji ardhi: kinachopimwa ni ardhi. Uchomaji makaa: kinachopatikana ni makaa. Nomino inayotokana na kitendo ikifuatwa na nomino nyingine, sikio la mzawa husikia ile ya pili kuwa ndiyo inayotendewa, au ndiyo inayotoka mwisho wa kazi. Kwa kanuni hiyo, usanisinuru ni kazi ya kutengeneza nuru. Mpwa wangu hakukosea. Alilisoma neno kwa Kiswahili, ilhali waliolitunga walilisoma kwa Kigiriki, ambako 'mwanga' hutangulizwa na huweza kuwa chombo cha kazi. Sisi tukapindua mpangilio, tukaacha uhusiano njiani. Wapo watakaonitajia garimoshi, ambamo moshi si mtendewa. Sawa, lakini gari si kitendo, na huo ndio msingi wa hoja yangu. Nimekutana pia na usanidimwanga. Lina ugonjwa uleule.

Dada yangu alikuwa akisonga ugali akitusikiliza. Akaingilia bila kugeuka: "Nyinyi mnasumbuka bure. Jani linapika kwa jua. Kama mimi ninavyopika kwa makaa. Kwani napika makaa?"

Binti akaandika pambizoni mwa noti zake: usanisi kwa nuru. Kisha akaniuliza swali ambalo ningependa kulifikisha kwa kila anayeketi katika kamati za istilahi: "Mbona hawakuiweka hiyo 'kwa'?"

Nadhani najua sababu. Tunapenda neno moja. Tukiona Mwingereza ana neno moja, tunaona aibu kuwa na matatu, kana kwamba urefu wa istilahi ni upungufu wa lugha. Lakini 'kwa' ndiyo iliyobeba biolojia yote ya sura ile. Ukiiondoa, umeliondoa jua kwenye nafasi yake ya mafuta na kulifanya chakula.

Niwe mwadilifu. Hata hilo neno la Kiingereza halikushuka kutoka mbinguni. Mwaka wa 1893 mtaalamu wa mimea wa Marekani, Charles Barnes, alipendekeza majina mawili ya kitendo hiki, na lile alilolipendelea mwenyewe silo lililoshinda. Alitaka 'photosyntax'. Laiti angefaulu, leo wanabotania wangekuwa wakifundisha sintaksia ya nuru, na sisi watu wa sarufi tungewadai mrabaha. Naleta habari hii kwa sababu moja: wenzetu waliweka maneno mawili mezani, wakabishana, likabaki moja. Sisi neno likishaingia kamusini tunalifanyia tambiko. Mimi nikiwa wa kwanza.

Siku ya pili tulitembea hadi ufuoni. Kule imesimama ile migunga yenye gome la manjano linaloelekea kijani, ambayo Wazungu wa kale waliiita miti ya homa kwa kudhani ndiyo iliyoleta malaria, kumbe inapenda tu mahali penye maji, na mbu pia. Nikamwambia akwaruze gome kidogo kwa ukucha. Chini ya unga wa manjano pakatokea kijani. "Umbijani," akasema, na hilo ni neno zuri: linakupa rangi na mahali. Kisha akafikiri. "Kwa hivyo hata shina linapika?" Linapika. Hata majani yakipukutika wakati wa kiangazi, gome huendelea kufanya kazi kidogo. Noti zake hazikuwa na jambo hilo. Alilifikia mwenyewe, kwa sababu sasa alikuwa na kitenzi cha kufikiria nacho.

Kimeng'enya kilitupa tatizo la namna nyingine. Kwa Kiingereza jina lake lilitungwa na Mjerumani, Wilhelm Kühne, katika miaka ya 1870, kutokana na maneno ya Kigiriki yanayomaanisha 'ndani ya hamira'. Mwanafunzi wa leo hanufaiki chochote na hamira hiyo. Chetu kinatokana na kumeng'enya, na mtoto yeyote anakiona kikiwa kazini: kipo mdomoni, kipo tumboni, kinavunjavunja chakula. Katika wiki ya kwanza neno hili ni hazina. Kufika wiki ya nne linakuwa mtego, maana kumbe vipo vimeng'enya ambavyo kazi yake ni kujenga. Kile kinachonasa kabonidayoksaidi ndani ya jani huitwa rubisko, nacho hakivunji chakula cha mtu. Vingine huunganisha nyuzi mpya za DNA. Je, tulitupe? La. Hili mwalimu anaweza kulirekebisha kwa sentensi moja: jina lilitoka tumboni, kazi imepanuka. Maneno hupanuka kila siku. Kasoro ya usanisinuru ni tofauti. Halijabana maana, limeigeuza.

Najua kuna wasomaji watakaouliza kazi yote hii ni ya nini, ikiwa mtihani wenyewe ni wa Kiingereza. Katika Tanzania swali hili halina nguvu sana, kwa kuwa mamilioni ya watoto wa shule za msingi husoma sayansi kwa Kiswahili, na wao ndio wanaokutana na neno hili kabla hawajajua kwamba kuna mahali pa kulipinga. Kwetu Kenya jibu langu ni la mpwa wangu. Anasema mhadhiri akiwasha projekta huongea Kiingereza. Akiizima, wanafunzi wanapomzunguka mlangoni kumwuliza walichokosa kuelewa, huanza, "Sasa iko hivi…" na ufafanuzi wote hutoka kwa Kiswahili. Kozi ziko mbili: moja ya projekta na moja ya mlangoni. Mtihani hutahini ya kwanza, lakini kuelewa hutokea katika ya pili, na huko hakuna kamusi wala kamati. Kila mhadhiri hujitungia yake papo hapo. Mmoja wao, nimeambiwa, husema "mmea unajipikia". Simjui, lakini namvulia kofia, na nikikutana naye nitamjulisha kwa dada yangu.

Ningependa istilahi zetu zipitie mlangoni kabla ya kuingia kamusini. Mpe mwanafunzi wa mwaka wa kwanza neno lenyewe tu, bila fasili, mwulize linamwambia nini. Akijibu "sijui", kama kwa osmosisi, hakuna hasara: mpe kiazi. Akijibu sawasawa, kama kwa umbijani, mshukuru mtungaji. Lakini akijibu kinyume kwa ujasiri, neno lirudi jikoni. Usanisinuru lingerudi. Halingehitaji kuvunjwa, lingehitaji silabi moja tu.

Sapu ni mwezi ujao. Tumemaliza sura sita, na juzi alinieleza kwa nini maua yanayopakiwa na mama yake huwekwa kwenye chumba baridi, akitumia neno vimeng'enya mara tatu na akalitumia vizuri. Jumamosi tunaanza sura ya upumuaji, ambapo nitalazimika kumweleza kwamba mmea unapumua bila mapafu, kwamba seli nayo inapumua, na kwamba kupumua huko siko kule kwa puani. Nimelitazama neno hilo daftarini mwangu usiku wa kuamkia leo. Nimemwomba dada yangu Jumamosi asitoke.