Tabaka Ndani ya Punje ya Muhogo

Kuna muhogo wa soko la Kongowea, Mombasa. Ukune, uukamue kwa kitambaa, maji yake uyaache yatulie. Chini ya bakuli utabaki wanga mweupe. Ubonyeze ghafla ni mgumu; uuache, unatiririka. Kila punje yake ni karibu polima tupu, upana wake sehemu ndogo sana ya milimita, na ndani mna tabaka zinazopokezana: moja iliyopangika, inayofuata legevu. Kila jozi ina unene wa nanomita 9 hivi. Ndani ya milimita moja zingeenea zaidi ya laki moja.

Hadubini ya shuleni haizioni. Wanaozipima ni mafundi wa eksirei, na ninachokipenda kwao ni subira kuliko mashine.

Mwale mwembamba wa eksirei hupitishwa kwenye rojo la wanga mbichi lenye unene wa milimita moja tu, ndani ya kijibomba. Sehemu kubwa ya mwale hupita moja kwa moja. Kiasi kidogo hupinda kwa pembe isiyozidi nyuzi moja hivi. Ni kama duara linaloonekana kuuzunguka mwezi penye wingu jembamba: matone yakiwa madogo, duara hupanuka. Mfaransa André Guinier aliifungua njia hii mwishoni mwa miaka ya 1930.

Kwa kuwa pembe ni ndogo mno, kigunduzi huwekwa mbali, pengine mita kadhaa, na hewa hunyonywa njiani isije ikatawanya mwale. Katikati huwekwa kipande cha chuma kuuzuia mwale mkuu, la sivyo utakifunika kila kitu. Kisha fundi hupima kijibomba kile kile kikiwa na maji matupu, akatoa hesabu ya maji kwenye hesabu ya wanga. Akibadilisha kijibomba, unene ukatofautiana kidogo, hesabu inaharibika. Hapa ndipo fundi hujulikana.

Tena wanga lazima uwe umelowa. Ukikauka, kilele cha mchoro wa vipimo kinachoonyesha zile nanomita 9 hupotea. Ukiutia maji, hurudi, maana maji huyawezesha matawi ya polima kujipanga safu. Ukiupasha moto ndani ya maji mengi, kufika nyuzi joto 70 hivi kilele kinayeyuka mbele ya macho yako. Hilo ndilo linalotokea katika kila sufuria ya muhogo wa nazi Likoni.

Sisi tunaujua muhogo wa Kibandameno kwa ulimi, na kituo cha utafiti cha Mtwapa, kaskazini ya Kisauni, kimetupa aina za Tajirika na Shibe. Natamani kuziona tabaka zao zikipimwa bega kwa bega. Afrika haina sinkrotroni hata moja, yaani mashine kubwa ya kutoa eksirei kali, lakini sinkrotroni ya Diamond ya Uingereza hupokea maombi ya watafiti wa nje, na huyapima kwa ubora wa wazo. Vijana wa kemia wa Pwani, muhogo mnao. Andikeni ombi.