Waliupima Uzazi, Kisha Wakauacha Nje

Mwaka 1994 Idara ya Kilimo ya Marekani ilifungua mizani yake ya kupanga mafahali, ile fahirisi ya Net Merit, na kuingiza sifa mbili mpya: muda ambao ng'ombe anadumu kundini na hesabu ya seli kwenye maziwa. Wepesi wa kuzaa haukuingizwa. Takwimu zilikuwepo, hesabu zilikuwepo, na majibu yalikuwa yakichapishwa fahali kwa fahali. Kosa lilikuwa wazi siku ile ile, na anayesema leo kwamba wakati ule haikuwezekana kujua, hakuzisoma karatasi.

Tuipitie rekodi. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 chama cha kitaifa cha wazalishaji wa mbegu za mifugo nchini humo, NAAB, kilikuwa kikikusanya alama za uzazi wa Holstein: 1 kwa aliyezaa bila shida hadi 5 kwa aliyeteseka kupita kiasi. Hesabu zilifanywa katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Iowa, mjini Ames. Mfugaji aliyetaka kujua fahali gani ataleta ndama wa kuvutwa kwa kamba aliweza kusoma. Ila fahirisi iliyoamua fahali gani awe baba wa mafahali wa kesho haikuzipa alama hizo hata senti moja. Ile ya kwanza, ya 1971, ilipima maziwa na mafuta tu, na kwa 1971 siilaumu, kwa kuwa alama hazikuwepo. Kufikia 1994 zilikuwa zimerundikana kwa zaidi ya miaka kumi na mitano.

Utetezi wa kwanza mnaujua: kiwango cha urithi ni kidogo. Ni kweli. Modeli rasmi ilipoandikwa upya mwaka 2002, urithi wa upande wa ndama uliwekwa asilimia 8.6 na wa upande wa mama asilimia 3.6. Sasa utazameni ule muda wa kudumu kundini, uliofunguliwa mlango mwaka 1994. Urithi wake nao ulikuwa asilimia 8 na ushee. Sifa mbili zenye urithi unaolingana, moja ikakaribishwa ndani, nyingine ikaachwa nje, halafu tunaambiwa sababu ni urithi! Na kama ni urithi mdogo, mwaka 2003 uwezo wa kushika mimba ulipoingizwa ukiwa na urithi wa chini zaidi, hoja hiyo ilikwenda wapi?

Wengine husema alama za 1 hadi 5 si kilo za maziwa, haziingii kwenye hesabu za kawaida. Daniel Gianola na Jean-Louis Foulley walikwisha kuonyesha mwaka 1983 namna ya kuzishughulikia sifa za ngazi kama hizo kwa modeli ya kizingiti. Miaka kumi na mmoja yatosha kusoma makala moja.

Utetezi wa pili ndio uliowadanganya wengi, na bado unawadanganya mawakala wa mbegu hapa kwetu. Unasema hivi: uzazi hauna haja ya kuwa ndani ya fahirisi, mfugaji ataushughulikia mwenyewe wakati wa kupandisha. Mtamba mpe fahali wa ndama wadogo, ng'ombe aliyekwisha kuzaa mpe fahali wa maziwa, kazi imekwisha. Hapo ndipo lilipozaliwa jina la "fahali wa mitamba", na tangu hapo sifa ya kizazi ikageuzwa kuwa kinga ya siku moja.

Uzazi una jeni za pande mbili. Upande wa kwanza ni wa ndama mwenyewe: uzito wake, upana wa mabega yake, siku alizokaa tumboni. Nusu ya jeni hizo zimetoka kwa baba, ndiyo maana fahali hupimwa kwa ndama wake. Upande wa pili ni wa mama anayezaa: upana wa nyonga, namna kano zinavyolegea, nguvu ya kusukuma, mwili unavyojiandaa kwa homoni. Huko fahali hupimwa kwa binti zake wanapozaa wao. Fahali anaweza kuwa bora upande mmoja na dhaifu upande wa pili, kwani pande hizi hazifuatani kama chanda na pete.

Sasa mfuateni huyo fahali wa mitamba hatua kwa hatua. Anachaguliwa kwa sababu ndama wake ni wadogo, na mtamba anazaa vizuri. Ndama akiwa jike, hauzwi. Analelewa na kuwa ng'ombe wa kundi. Baada ya miaka miwili naye anazaa, na anazaa kwa nyonga alizorithi, nusu kutoka kwa fahali ambaye hakuna aliyeuliza nyonga za binti zake zikoje. Yule aliyeletwa kama kinga ya uzazi mmoja amekuwa baba wa akina mama, kwa mlango wa nyuma.

Tena saa zenyewe zinampendelea anayeharakisha. Jibu la upande wa ndama hupatikana miezi 9 baada ya kuhimilisha. Jibu la upande wa binti husubiri miezi 9 ya mimba, kisha kama 24 hadi binti azae: miezi 33 kwa uchache. Soko la mbegu halingoji miezi 33. Ndiyo hasa sababu ya kuwa na fahirisi rasmi, ili yule asiye na haraka ya kuuza awe ndiye anayesimamia mizani. Mwaka 1994 msimamizi alisinzia.

Gharama ilionekana. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2001 ulionyesha kwamba kati ya mitamba wa Holstein wanaozaa mara ya kwanza, ndama waliozaliwa wafu walipanda kutoka asilimia 9.5 mwaka 1985 hadi 13.2 mwaka 1996. Mnaona fahirisi mpya ilizaliwa katikati ya mpando gani. Miaka mitano baada ya utafiti huo, katika makundi saba ya California, ng'ombe wa Holstein waliozaa mara ya kwanza walilinganishwa kwa baba wa ndama: akiwa Holstein, uzazi wa shida ulikuwa asilimia 16.4; akiwa mwekundu wa Skandinavia, 5.5. Nguvu ya uchotara imo humo, sibishi. Lakini tofauti ya karibu mara tatu haiwezi kubebwa na uchotara peke yake, maana fahali wa Brown Swiss naye alizaa machotara kwenye makundi hayo hayo na hakufika huko.

Kwa nini wekundu wa Skandinavia? Kwa sababu Norway waliandika ugumu wa kuzaa na ndama wafu tangu 1978, wakaviweka ndani ya fahirisi yao miongo kadhaa kabla Marekani haijaamka. Walikuwa na mtu anayeitwa Harald Skjervold, profesa wa Ås, aliyefundisha kwamba mpango wa uzalishaji ni mmoja: rekodi, uhimilishaji, upimaji wa mafahali kwa mabinti wengi, na lengo pana. Uwezo wa kushika mimba waliuingiza tangu 1972, wakati wengine wanahesabu mafuta. Siku hizi tuna vipimo vya vinasaba kwa kila ndama na wataalamu wengi kuliko mafahali, lakini mtu wa kuweka lengo kama Skjervold simwoni.

Na kejeli iko Ames kwenyewe. Ni hapo Jay Lush alipojenga elimu ya uzalishaji wa mifugo kwa takwimu, na mwanafunzi wake Lanoy Hazel akaonyesha mwaka 1943 namna ya kuziunganisha sifa nyingi katika fahirisi moja, kila moja kwa uzito wa faida yake na kwa urithi wake. Chuo kilichoifundisha dunia kupima sifa pamoja ndicho kilichopiga hesabu za uzazi miaka yote hiyo, zikabaki pembeni kama kiambatisho.

Yaliyofuata yalifanywa vizuri: modeli iliyoandikwa upya na wepesi wa binti kuzaa mwaka 2002, uzazi ndani ya Net Merit mwaka 2003, ndama wafu mwaka 2006, vinasaba rasmi mwaka 2009.

Neno kwa wapenda maonyesho, maana siwezi kuwaacha. Mwaka huo huo wa 2009 uchunguzi wa vinasaba ulionyesha eneo kwenye kromosomu ya 18 la Holstein linalogusa ugumu wa kuzaa, na pia kimo, kina cha mwili na upana wa nyonga. Nimesema miaka yote kwamba ng'ombe mrefu anayepigiwa makofi uwanjani ana bili inayolipwa zizini. Hata Net Merit tangu mwaka 2000 inaukata alama ukubwa wa mwili. Majaji bado wanautafuta kwa utepe.

Haya yanatuhusu, kwani mirija ya mbegu za Holstein wa Marekani inauzwa kuanzia Nakuru hadi Arusha, na katalogi inayokuja nayo mara nyingi hutafsiriwa na muuzaji kwa safu moja: "huyu anazaa rahisi." Ile asilimia ya uzazi wa shida iliyo kwenye katalogi imekokotolewa kwa mtamba wa Holstein wa Marekani, aliyelishwa akafikia kimo cha kuzaa akiwa na miaka miwili. Mtamba wetu chotara aliyedumaa kwa kiangazi hana nyonga hizo. Mpangilio wa mafahali unaweza kukusaidia kumkwepa mbaya, lakini asilimia yenyewe usiiapie. Na usikubali safu moja. Dai ya ndama na dai ya binti, zote mbili, hasa ukikusudia kumbakiza ndama jike. Muuzaji akisema ya binti haina maana kwa mtamba wa leo, anarudia hoja ile ile ya 1994. Mrudishie mrija wake, umpe mtamba wako Jersey.