Tukiandika ‘kunajisi’, doa linabaki kwa nani?

Miaka michache iliyopita, riwaya ya Chozi la Heri yake Assumpta Matei ilipokuwa ingali inatahiniwa katika shule za upili, nilialikwa na walimu wa Kiswahili wa shule moja ya wasichana katika Kaunti ya Embu niwazungumzie watahiniwa wao. Nilikuwa nimejihami kwa mada za kawaida: ploti, usawiri wa wahusika, mbinu rejeshi na kadhalika. Tulipofika kwa Sauna, msichana aliyebakwa na baba wa kambo, mwanafunzi mmoja aliyeketi karibu na dirisha aliinua mkono.

“Mwalimu, magazeti huandika mtoto amenajisiwa. Na sisi tulifunzwa najisi ni uchafu. Kwani huyo mtoto ndiye amekuwa mchafu?”

Nilimpa jibu la kitabuni. Nilimweleza kwamba Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 hutenga makosa mawili, ubakaji kwa mtu mzima na unajisi kwa aliye chini ya miaka 18, na kwamba katika kosa la pili mahakama haiulizi kama mtoto aliridhia. Akaketi. Sidhani aliridhika. Mimi mwenyewe sikuridhika, na nimekuwa nikilibeba swali lake tangu siku hiyo.

Hebu tulichunguze neno lenyewe. Najisi ni neno la Kiarabu lililotufikia kupitia ibada. Mswahili wa pwani anapolitamka, anazungumzia kitu ambacho kikimgusa hawezi kusali hadi ajitwaharishe: mkojo, damu, nguruwe. Msikiti hunajisiwa. Kisima hunajisiwa. Wakristo nao wanalijua kutokana na Biblia, ambamo mahali patakatifu hutiwa unajisi. Katika matumizi yote haya, hali ya uchafu inakaa kwa kile kilichoguswa. Kisima ndicho hakinyweki tena. Aliyekitia uchafu kesha kwenda zake.

Basi tunapoandika kwamba mtoto wa miaka tisa amenajisiwa, sarufi na historia ya neno vinashirikiana kumwacha mtoto yule na doa. Ni kweli kwamba neno la Kiingereza lililomo katika sheria hiyo nalo lina maana ya kuchafua. Wafasiri walilitafuta neno linalolingana nalo, wakalipata, na kosa likawa ni kulingana mno. Tuliurithi mtazamo wa kale kwamba usichana ni mali inayoharibika, tukauvika kanzu.

Neno hili lina ndugu zake. Magazeti na redio zetu huripoti “dhuluma za kimapenzi” dhidi ya watoto. Mapenzi gani hayo? Mtu amemvizia mtoto njiani akitoka shuleni, nasi tunatia neno ambalo washairi wetu wamelitunzia utamu kwa karne nzima. “Kingono” lipo, ni fupi, na halimtetei mtu. Halafu kuna “mimba za mapema”. Nomino hii ni ya ajabu kwa sababu haina baba. Mimba huja mapema kama mvua ya Machi, ikawakuta wasichana nje. Hata tunaposema msichana “alipachikwa mimba”, kauli ya kutendwa inatuwezesha kufunga sentensi bila kumtaja aliyetenda.

Najua kuna msomaji atakayesema hizi ni kelele za wanaisimu wasio na kazi. Lakini nimeishi katika eneo hili la mashariki ya Mlima Kenya, na hapa maneno yamewahi kugharimu.

Usiku wa Julai 13, 1991, wavulana wa Shule ya Sekondari ya Mseto ya St Kizito, Tigania, Meru, walivamia bweni walimokuwa wamejificha wasichana waliokataa kujiunga na mgomo wao. Wasichana 19 walikufa. Wengine 71 walibakwa. Baada ya mkasa huo naibu wa mwalimu mkuu, naye mwanamke, alinukuliwa na vyombo vya habari akieleza kwamba wavulana hawakuwa na nia ya kuwadhuru wasichana. Walitaka tu kubaka. Kauli hiyo ilisambaa duniani. Mimi hadi leo hukwama kwenye hilo “tu”. Neno la herufi mbili limelitoa tendo katika orodha ya madhara na kuliweka katika orodha ya utundu wa vijana. Na sitaki kumwangushia mama huyo lawama zote. Alisema kwa lugha aliyopewa, lugha ambayo ofisi za serikali, makanisa na baadhi ya waandishi wa siku hizo waliitumia bila kusita.

Miaka 22 baadaye, mjini Meru, lugha tofauti ilisikika. Shirika la Ripples International, linalohifadhi watoto waliodhulumiwa, lilikwenda Mahakama Kuu ya Meru pamoja na wasichana 11 kulishtaki jeshi la polisi. Kesi hiyo inajulikana kote kama ya “wasichana 160”, kwa kuwa waliosukuma madai walikuwa na visa vya watoto wengi zaidi ya wale walioandikishwa. Walieleza walivyopiga ripoti vituoni na mafaili yakakaa tu. Wengine walihojiwa kwa namna ya kuwafedhehesha. Mei 27, 2013, Jaji J. A. Makau aliamua kwamba polisi, kwa kupuuza na kukosa kuchunguza inavyopaswa, walikuwa wamekiuka haki za watoto hao, akaamuru uchunguzi ufanywe upya.

Tazama sentensi hiyo. Mtenda ametajwa: polisi. Kitenzi ni kukiuka. Kilichokiukwa ni haki, na haki haichafuki. Mtoto anatoka mahakamani akiwa mdai, si kisima kilichotiwa uchafu. Nadhani uamuzi huu ungefaa kusomwa katika madarasa ya uanahabari kwa ajili ya sarufi yake pekee, hata kabla ya kufika kwenye sheria.

Hapa nafika kwenye neno linalonisumbua kwa njia nyingine, na ambalo limejaa katika mabango kuanzia Runyenjes hadi Nkubu: kuwezesha. Kila mradi ni wa “kuwezesha mtoto wa kike”, kwa elimu, kwa redio, kwa sodo. Sina ugomvi na sodo. Ila kuwezesha ni kauli ya kusababisha: kuna anayewezesha na kuna anayewezeshwa, na msichana hupangwa upande wa pili daima. Nimepanda matatu kutoka Embu hadi Meru, dereva akianza na Wimwaro FM kwa Kiembu kisha, mahali fulani baada ya Chuka, akihamia Muuga FM kwa Kimeru. Kutwa nzima tunasikia watu wakimzungumzia msichana. Yeye mwenyewe si rahisi kumsikia.

Historia ya Meru inatuonya kwamba akizungumza huenda tusiyapende maneno yake. Mwaka 1956 baraza la wazee la Njuri Ncheke lilipiga marufuku ukeketaji, kwa msukumo wa wakoloni. Wasichana hawakuulizwa. Walinunua nyembe na kukeketana wenyewe, wakapewa jina la Ngaitana, yaani nitajitahiri. Katika miaka 3 zaidi ya watu 2,400, wasichana na watu wazima, walishtakiwa kwa kuvunja amri hiyo. Siwasifu; walijidhuru, na tendo hilo leo ni kosa kwa sheria ya mwaka 2011. Lakini katika mifano yangu yote hii, Ngaitana ndilo neno pekee lenye nafsi ya kwanza. Ni huzuni kwamba mahali pekee ambapo msichana alitamka “nita-” alikuwa ameshika wembe. Wazee walikuwa wameamua jambo jema kwa njia ya kumnyamazisha, naye akajibu kwa mwili wake, kwa kuwa hakuachiwa kingine.

Nirudi kwenye magazeti, likiwemo hili linalonihifadhi kila wiki. Mawakili wameniambia kwamba hati ya mashtaka lazima iseme unajisi, maana ubakaji ni kosa jingine lenye masharti mengine. Wana haki, na mahakama zina muda wake wa kubadilika. Gazeti, hata hivyo, si hati ya mashtaka. Tunaweza kuandika “kubaka mtoto”, tukaongeza umri wake, na kila msomaji akaelewa bila kuchanganyikiwa.

Kwa hivyo wahariri nawapa zoezi dogo, kama lile ambalo ningewapa watahiniwa. Taarifa itakayofuata kutoka mahakama ya Meru au Siakago ikija na “Msichana wa miaka 9 anajisiwa”, ifutwe. Iandikwe: “Mwanamume ashtakiwa kumbaka mtoto wa miaka 9.” Mshukiwa bado hajahukumiwa, sheria haijavunjwa, na nafasi ukurasani inatosha.