Kufuta ni sura ya 4, kulinda ni sura ya 18

Wandugu, mu magrupe yetu ya WhatsApp kunapita kila mara ile orodha ya "komande 50 za Linux kwa mwenye kuchunga seva". Nimesoma nyingi. Zinafanana: komande upande wa kushoto, maneno mawili matatu upande wa kulia, na hakuna yenye kukuambia ni wakati gani usiiandike.

Mi ni mutu wa agronomi. Seva waliniachia ju nilikuwa mudogo wa wote mu ofisi: masini moja ya zamani yenye Debian, hapa Lubumbashi, na ndani yake vipimo vya mahindi vya misimu miwili ya mvua. Siku moja nilitaka kufuta faili za .csv za kujaribu tu. Nikaandika "rm * .csv". Angalia vizuri, kuna nafasi kati ya nyota na nukta. Masini ilifuta faili zote za folda, kiisha ikalalamika kama .csv haiko. Ku terminali hakuna pipa ya takataka. Nusu ya vipimo tuliirudisha kutoka mu makaye ya shamba. Nusu ingine ilikwenda.

Kiisha njo nilifungua The Linux Command Line ya William Shotts (No Starch Press, 2012, PDF ni ya bure). Kosa yangu iko mle, mu sura ya 4, na .html pahali pa .csv. Nilisikia haya. Dawa yake ni nyepesi: mbele ya rm yenye nyota, andika kwanza ls na nyota ileile, uone majina ya yale yatakayokufa. Kiisha bonyeza mushale wa juu, badilisha ls kuwa rm. Ni kama kupita mu mistari ya shamba mbele ya kupulizia dawa ya majani. Orodha zetu hazifundishe ile.

Lakini niko na neno na Shotts. Kufuta anafundisha mu sura ya 4. Rsync, yenye kulinda nakala, inangoja sura ya 18. Kwa mutu mwenye kujifunzia ku masini yake, sawa. Sisi tunapewa seva yenye kazi ya watu siku ya kwanza, na umeme inakatika katikati. Soma 18 kwanza.

Anza na "rsync -avn", folda ya vipimo, kiisha diski ya inje. Ile n inaonyesha tu kile kitakachofanyika. Ukikubali, itoe. Umeme ikikatika, andika tena ileile: faili zilizokwisha kupita haitazirudilia.

Ila mfano wake wa kila siku anautia --delete, yenye kufuta ku nakala kila kitu kisichoko tena ku seva. Kama ningeitumia ile magaribi, kiisha rm yangu, hata nakala ingekwenda.