Maji Yakishatoka: Vitafunwa na Mapambo ya Nyumba Moja ya Kibamba

Nyumba yenyewe ina vyumba viwili na sebule, iko Kibamba, ukipanda kidogo kutoka Barabara ya Morogoro. Wenyewe ni vijana waliooana si zamani, wakahamia kabla ujenzi haujakwisha kama wafanyavyo wengi wa huku: paa lipo, milango ya nje ipo, dari bado. Siku ya Idi waliwapokea wakwe na majirani kwa sinia za kaimati, visheti na kashata walizopika wenyewe, katika sebule waliyoipaka rangi na kuipamba kwa mikono yao. Wageni walisifu, na walistahili sifa. Mimi nilibaki na maswali mawili. Kwa nini kashata zao hazikunata vidoleni? Na kwa nini rangi ya sebule yao imetulia, ilhali nyumba za jirani zilizopakwa rangi msimu uleule zimeshatoa malengelenge?

Niliwauliza hatua moja baada ya nyingine, wakanieleza bila kuficha. Naamini maswali yote mawili yana jibu moja: walijua maji yako wapi, wakasubiri yatoke kabla ya kuendelea. Pambo la bei ghali halikuwamo, na sukari yao ilikuwa ya duka la mtaani.

Tuanze jikoni, kwa sababu huko maji huondoka mbele ya macho.

Sukari na maji vikiwa sawa kwa sawa huanza kuchemka juu kidogo tu ya nyuzi 100 za sentigredi. Mvuke unapotoka, shira huwa nzito, na joto la kuchemkia nalo hupanda. Kwa hiyo joto la shira ni kipimo cha maji yaliyosalia ndani yake. Kwenye nyuzi 104 hadi 106 hivi, tone ukilibana kati ya kidole gumba na cha shahada kisha ukaviachanisha, linavuta uzi. Hapo sukari imefika karibu asilimia 70. Kwenye nyuzi 112 hadi 116, tone likidondoshwa katika bakuli la maji baridi hujikusanya likawa kidonge laini, na sukari ni kama asilimia 85. Ikipita nyuzi 150, tone hilohilo huwa gumu na kuvunjika kwa mlio. Jiko la Kibamba halina kipimajoto, wala halikihitaji. Uzi na bakuli la maji ndivyo vipimo ambavyo wapishi wa pwani wamevitumia miaka yote, na vina uhakika kuliko saa, maana moto wa mkaa haulingani leo na kesho.

Kaimati na visheti vyote huingia katika shira, lakini shira zake hazifanani, na hapa ndipo wengi huharibu. Kaimati hutaka shira nyepesi inayong'aa na isiyoganda. Bibie wa nyumba hii huiepua inapoanza tu kuvuta uzi, baada ya kuitia matone ya ndimu. Ndimu hiyo ina kazi zaidi ya ladha: asidi yake, pamoja na joto, huipasua sehemu ya sukari ikawa sukari mbili nyingine ndogo, na hizo zikichanganyika na sukari iliyobaki huizuia isijipange kuwa chembe ngumu. Visheti ni kinyume chake. Tunataka sukari igande, ikizunguke kila kimoja kwa koti jeupe kavu. Basi ndimu hapana. Shira huachwa hadi kidonge laini, visheti vilivyokwisha kukaangwa na kupoa humiminwa ndani, sufuria inaepuliwa, na mwiko haupumziki. Kule kukoroga shira inapopoa ndiko kunakozalisha chembe. Dakika moja sukari inateleza, dakika ya pili imekuwa nyeupe na visheti vinagongana kwa mlio mkavu. Ukitia ndimu humo utakoroga hadi mkono uchoke, na vitabaki vinanata.

Kashata ya nazi ina mtego wake. Nazi mbichi iliyokunwa karibu nusu ya uzito wake ni maji. Ukiitia moja kwa moja katika shira iliyokwisha kuiva, unairudisha shira nyuma, na mpishi hushangaa kwa nini kipimo chake cha bakuli kimemdanganya. Wapo wanaokamua tui kwanza wakapikia machicha. Kashata hukauka upesi, ni kweli, lakini utamu wa nazi umekwenda na mafuta yake, na mimi siwezi kuipendekeza njia hiyo kwa mtu anayepikia wageni anaowapenda. Huyu bibie hufanya hivi: nazi huikausha kwanza katika sufuria pana juu ya moto mdogo, anaigeuzageuza mpaka mvuke unakoma lakini rangi haijabadilika. Shira ikifika kidonge laini ndipo nazi na iliki huingia. Anakoroga hadi kingo za sufuria zinaanza kuwa nyeupe, anamimina kwenye sinia lililopakwa samli, anasawazisha na kukata ingali vuguvugu. Ukingoja ipoe kabisa, kisu kitaivunja ovyo.

Ya karanga haina maji hata kidogo. Sukari huyeyushwa kavu mpaka iwe ya rangi ya asali, na kati ya rangi hiyo na uchungu wa kuungua kuna muda mfupi mno. Jiko la mkaa huwezi kulipunguza kwa kugeuza kitufe. Sufuria nzito nayo huendelea kupika hata ikiwa chini. Kwa hiyo mume hukaa na karanga zilizokaangwa zikiwa bado za moto, sufuria inaepuliwa rangi ikiwa haijafika kabisa pale wanapopataka, na karanga zinaingia hapohapo. Karanga baridi zingeigandisha sukari kabla haijazifunika. Kabla ya yote hayo huzichambua mezani, wakitupa zilizosinyaa, zilizobadilika rangi na zenye ukungu. Nawasifu kwa hilo kuliko kwa jambo jingine lolote la jikoni. Sumukuvu hutokana na ukungu unaoota kwenye nafaka na karanga zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu, na kukaanga hakuiondoi yote. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara kupitia mahindi.

Sasa swali la kunata. Sukari iliyoyeyuka na kupoa ghafla, kama ya kashata ya karanga, haijajipanga kuwa chembe, nayo huvuta maji kutoka hewani kwa pupa. Hewa ya Dar es Salaam ina maji tele ya kuvutwa. Kashata iliyoachwa wazi asubuhi jioni inang'ang'ania karatasi. Vijana hawa hungoja ipoe kabisa, kisha huifunga papo hapo katika ndoo ndogo za plastiki zenye mfuniko wa kubana. Friji hawaitumii, na wako sahihi: kitu kilichotoka kwenye baridi kikikutana na joto la sebuleni hutokwa jasho, na jasho hilo ni maji juu ya sukari. Ya nazi huvumilia zaidi kwa nje kwa sababu sukari yake imeganda chembechembe, ila ndani bado kuna unyevu wa nazi. Wao huipika karibu na siku ya wageni na hawaiweki sana.

Ukutani maji hayaonekani, na hapo ndipo uvumilivu wao ulipopimwa.

Lipu ya saruji ina tabia mbili ambazo huonekana kupingana. Siku zake za kwanza inataka maji. Saruji haiwi ngumu kwa kukauka. Inakuwa ngumu kwa kuungana na maji, ndiyo sababu fundi mzuri humwagilia ukuta kwa muda wa wiki moja. Baada ya hapo maji yaliyozidi hayana budi kutoka, nayo hutoka polepole kupitia usoni mwa ukuta. Kawaida ya kazi ni kusubiri siku 28 kabla ya rangi, na wakati wa masika siku hizo hazitoshi. Bibie alitamani sebule iwe tayari mapema, fundi akamwambia, "Dada, ukuta huu bado mbichi." Wakamsikiliza.

Si unyevu tu unaongojewa. Saruji changa ina ukali wa magadi, na ukali huo ukikutana na mafuta hufanya kile kinachofanyika katika sufuria ya mtengeneza sabuni anayechanganya mafuta na kostiki soda. Rangi ya mafuta iliyopakwa juu ya lipu changa hugeuka sabuni pale inapogusana na ukuta. Inalainika, inanata, kisha inabanduka vipandevipande. Mwenye nyumba hulaumu rangi, duka au kibarua, na pengine kosa lilikuwa kalenda.

Walipimaje? Walikata kipande cha nailoni angavu, wakakibandika ukutani kwa utepe pande zote nne, wakakiacha usiku kucha. Asubuhi kikiwa na umande upande wa ndani, ukuta bado unapumua maji. Wakarudia sehemu mbalimbali, hasa chini. Juu ukuta ulikauka mapema. Chini, karibu na sakafu, umande uliendelea kuonekana, na hilo ndilo liliwafungua macho kuhusu ukuta wa koridoni.

Koridoni nusu ya chini ilikuwa imeshapakwa rangi ya mafuta, kwa mtindo uliozoeleka ili ukuta ufutike kwa urahisi watoto wakichafua. Mtindo huo mimi siupendi katika nyumba zetu za matofali ya saruji, na koridoni hii inaeleza sababu. Maji ya ardhini hupanda kupitia vitundu vidogo vya msingi na tofali, na mara nyingi hufika karibu mita moja. Nailoni iliyotandikwa chini ya jamvi husaidia sakafu; kama hakuna kizuizi katika msingi wenyewe, kuta hubaki wazi kwa maji hayo. Rangi ya mafuta haiuruhusu mvuke kupita. Maji hukwama nyuma yake, huisukuma, huiinua, na yakipata mwanya hutoka na chumvi ya udongo na mchanga. Ule unga mweupe ambao wengi huuita fangasi mara nyingi ni chumvi hiyo.

Walikwangua rangi yote hadi kwenye lipu. Chumvi waliisugua kwa brashi kavu wakaizoa, bila kuiosha, maana maji yangeiyeyusha na kuirudisha ndani. Kisha ukuta ukaachwa uchi kipindi chote cha kiangazi, Juni hadi Septemba, huku wageni wakipita na kuuona. Kwa wanandoa wapya wanaotaka nyumba ipendeze, huo si mtihani mdogo. Ulipokauka walipaka rangi ya maji, ambayo huuacha mvuke upite. Skimu ya jipsamu waliitumia sebuleni tu, juu ya usawa wa kiti, kwa kuwa jipsamu ikilowa hulainika; chini walitumia saruji nyeupe.

Wazee wetu wa pwani walilijua jambo hili kwa nyenzo nyingine. Nyumba za mawe za Mji Mkongwe na Lamu zilipigwa lipu ya chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe, na chokaa huyaruhusu maji yaingie na kutoka. Zilipoanza kuzibwa kwa saruji katika karne iliyopita, kuta zilizokuwa zimesimama kwa vizazi zilianza kuoza kwa ndani.

Mapambo yaliyobaki yalikuwa mepesi kwa watu waliokwisha kuelewa hivyo. Kanga moja waliifua kwanza, ikatoa wanga wa kiwandani na ikarudi kwa kadiri ilivyotaka kurudi, ndipo wakaikaza kwenye fremu ya mbao. Kanga isiyofuliwa hulegea na kukaza kwa kufuata unyevu wa hewa, na baada ya muda inakuwa na mikunjo kwenye kona. Waliipima ili pindo na jina vibaki ndani ya fremu, uamuzi wa watu wanaoiheshimu kanga. Kiwanda cha Urafiki, kilichofunguliwa mwaka 1968, kiko Ubungo kandokando ya barabara hiihii inayofika Kibamba, na kwa miaka mingi vitambaa vya namna hii vilichapwa pale.

Mwaka huo wa 1968 ndio unaotajwa kuwa mwanzo wa uchoraji wa Edward Saidi Tingatinga jijini Dar es Salaam, akitumia vipande vya hadibodi na rangi ya baiskeli. Uchaguzi wake ulikuwa wa mtu asiye na fedha ya turubai, lakini kifundi ulikuwa bora: rangi ile hukauka kwa kuungana na hewa, haina maji ya kuilowesha hadibodi. Mume wa nyumba hii alichukua mabaki ya hadibodi kwa seremala akachora samaki na majani. Kipande chake cha kwanza kilipinda, kwa sababu kilipakwa upande mmoja na upande wa pili ukaendelea kunywa unyevu. Vilivyofuata alivipaka rangi ya msingi mbele na nyuma, navyo vimenyooka hadi leo. Mkeka wa ukindu wameutundika juu ya vipande viwili vya ubao, ili hewa ipite nyuma yake na ukungu usipate pa kuanzia.

Ukuta wa jikoni bado haujapakwa. Uko upande ambao maji ya paa humwagika, na nailoni yake ingali inatoa umande. Wao walifikiria kuusubiri kama walivyousubiri wa koridoni, lakini hapa kusubiri peke yake hakutasaidia, maana Dar es Salaam hupata wastani wa milimita 1,100 za mvua kwa mwaka na sehemu kubwa ya ile ya paa lao inaangukia mguuni mwa ukuta huo. Wameshanunua gata. Itafungwa kabla ya vuli, kibaraza cha zege kitamwagwa kwa mteremko wa kuelekea nje, na lipu ya chini itabomolewa na kupigwa upya. Rangi itafuata kiangazi kijacho.